Dozi

Kipimajoto cha ukutani kinasoma thelathini na moja.
Saa nane mchana, Februari, hapa Rau,
na mifuko yangu mia mbili ya maganda ya kahawa
inaning'inia kwa kamba toka darini,
myeupe kwa utando,
haichipui.

Miaka ishirini na sita nilikuwa nesi wa njiti.
Nililinda roho za kilo moja na robo
zisipoe:
pamba, kofia, taa, kifua cha mama.
Leo nimestaafu, na kazi imegeuzwa kama kanzu,
nalinda visivyolia
visipate joto.

Dukani, Barabara ya Mawenzi,
viyoyozi vimepangwa ukutani kama meno.
Elingaya, kijana wa mauzo, haulizi chumba kina ukubwa gani,
anautazama mkoba wangu.
"Mama, beba elfu kumi na nane. Kubwa haikosei."

Kubwa hukosea, mwanangu.
Nimeona dozi kubwa.

Nikampigia Nakijwa, fundi, binti wa Same.
Akapima kwa hatua, hakuziamini,
akatoa utepe: tatu na nusu kwa nne.
Akagonga dari. Akauliza bati linapigwa na jua tangu saa ngapi,
taa ni ngapi, mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku,
na umeme wa hapa ukoje jioni, watu wakipiga pasi.
Hajataja bei.
Nikampenda.

"Ile ya kumi na nane itafoka kama mwenye hasira,
dakika nne, kimya, dakika nne, kimya,
mpaka ife, na luku iwe imekufa zamani.
Chukua inveta. Hiyo haizimiki ovyo,
inapunguza mwendo tu.
Mwenda pole hajikwai.
Ukiziba dari, elfu tisa inatosha.
Usipoziba, kumi na mbili,
na kila mwezi utakuwa unalilipia jua."

Nikaziba dari. Sponji, magunia, tena sponji,
shingo ikauma wiki nzima.

Siku ya kufunga, akiwa juu ya ngazi, spana mdomoni,
akasema jambo ambalo dukani hawakulisema:
"Ujue, mama, hii haikuletei hewa mpya.
Inazungusha ileile.
Na uyoga unapumua, kama wewe."
Akatoboa ukuta chini, karibu na sakafu,
akaweka feni ndogo na wavu wa nzi.
"Halafu itakunywa unyevu wako. Jiandae."

Nilijiandaa. Chini ya bomba nje niliweka ndoo.
Asubuhi nikakuta lita tano na ushee,
maji yaliyokuwa pumzi ya chumba,
safi, baridi, hayana ladha ya chochote.
Nikayatia kwenye bomba la kupulizia,
nikayarudisha ndani, kama ukungu.
Mashine ikayatoa.
Nikayarudisha.
Tuko hivyo hadi leo, mimi na yeye,
hatusemeshani, hatugombani.

Jumamosi naosha kichujio. Vumbi la uyoga ni jeupe,
linapaa kama unga, linaingia puani,
najifunga barakoa zilizobaki za wodini.

Kipande cha nje kiko upande wa Ndeshukuru, jirani.
Mwezi mzima hakunisalimu: kelele, joto, dirisha lake.
Nikampelekea bakuli la uyoga, akapokea kwa vidole viwili.
Kisha ikaja Julai, na lile wingu la Moshi lisilonyesha wala lisiloondoka,
na nguo zisizokauka siku tatu.
Leo asubuhi nimechungulia:
amefunga kamba mbele ya ile feni ya nje,
nepi kumi na moja za mjukuu
zinapepea kwa joto lililotoka chumbani kwangu.

Sikusema kitu.
Ndani, kumi na tisa na nusu.
Kwenye mfuko wa tatu kutoka mlangoni
vichwa vimetoka, vidogo, vya kijivu,
vimebanana.
Nikavihesabu kwa kidole bila kugusa,
kama nilivyozoea.