Waja Leo

Simu yangu ina ufa tangu Idi ya mwaka juzi,
umeanzia kwenye saa, ukaishia kwenye betri,
na Shekue, mtoto wa kaka yangu,
kila Jumamosi hupitia kibandani
kunipandia humo mbegu mpya.
"Shangazi, hii jaribu. Hii siyo kama ile."

Ile ilikuwa ya kunikumbusha maji.
Ikanikumbusha: *Kunywa glasi moja, mpendwa!*
saa saba mchana, Ramadhani kumi na nne.
Nikaifuta upesi, isije ikanila funga.

Ikaja ramani. Mteja wa Pongwe akaifuata
na kitenge chake kwapani,
ikampeleka Sahare, miguu kwenye tope la mikoko,
ikamwambia kwa sauti ya upole: *Umefika.*
Na sisi huku Ngamiani twahesabu mitaa kwa vidole,
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
hata mtoto wa chekechea hapotei.

Halafu soko la mtandaoni, niuze madera hadi Arusha.
Likataka neno la siri.
Nikaandika jina la mama: Mwanamkasi.
*Dhaifu,* likasema, kwa wino mwekundu.
Dhaifu?
Mwanamke aliyesimama kwenye korona ya mkonge
miaka kumi na tisa, akatoka na vidole vinane
na hakumwomba mtu chumvi?
Nikamwongezea mwaka aliozaliwa na alama ya mshangao.
*Imara.*
Haya, hapo tumeelewana.

Lakini kabla ya kuuza, thibitisha wewe si roboti.
Bonyeza picha zote zenye bomba la zimamoto.
Mimi bomba nilijualo ni hili la uani,
nalo siku hizi lakohoa hewa tupu.
Nikabonyeza kibanda. Nikabonyeza kitu kama mbwa.
Mara tatu nikashindwa kuwa mtu.

Ya kupima mwili kwa kamera, hiyo nisiisimulie.
Basi, kidogo tu: simu ilisema kiuno sitini na moja,
futikamba yangu ikasema tisini na nane.
Bi Semeni akaichagua simu.
Zipu ikaichagua futikamba.

Wenyewe twasema mji wetu ni waja leo, waondoka leo.
Sikujua msemo huo utakuja kukaa
ndani ya kioo, kati ya *pakua* na *futa*.

Jumamosi iliyopita ikaja ya kuandika usemacho.
Shekue akaiegemeza kwenye cherehani.
Mama yuko mkekani, achagua mchele,
akasema bila kutuangalia:
"Mtoto hajala tangu asubuhi, nanyi mwashinda na vioo."
Ikaandika:
*Mtoto hajali tangazo la subui, nanasi mashine na viungo.*

Nilipomsomea, alicheka hata ungo ukamponyoka,
mchele ukaingia chini ya pedali
na mpaka leo napiga mshono nausikia.
"Nanasi mashine," akarudia. "Ilete hapa."

Akaisogeza karibu na mdomo
akaiambia jambo refu kwa Kibondei,
kile cha kwao Magila, ambacho mimi
nilipewa nusu na nusu nyingine sikuiomba.
Vidoto vitatu vikacheza, vikacheza.
*Hakuna maneno yaliyotambuliwa.*
"Nimeishinda," akasema.

Jana simu ikalia hifadhi imejaa.
Nikafuta ramani, nikafuta soko na madera yake,
nikafuta kiuno cha Bi Semeni.
Nikafika kwa hii, kidole juu.

Lakini baada ya Alasiri huitaka.
Huiambia ya kwao, pole pole, majina na mashamba,
nami nashona kwa mguu mwepesi ili nisikie.
Kioo humjibu vile vile: hakuna maneno.
Naye, kwa kidole kimojawapo kilichobaki,
hubonyeza panapoandikwa *Jaribu tena.*