Mkalia Ini

Hospitali ya Temuko, Julai, mvua haijui kunyamaza.
Daktari Iturriaga amenitoboa matundu manne,
moja kitovuni, matatu yamepanda ubavuni
kama vifungo vya koti lililoshonwa gizani.
Akanijaza hewa ukaa hadi tumbo likawa hema,
akaingiza kamera nyembamba, sindano ya kufumia sufu,
akamtoa mpangaji wangu kwa mlango wa kitovu.

Mawe yake matatu nimepewa kichupani.
Punje za mahindi, rangi ya chai iliyosahauliwa.

Asubuhi Yasna, muuguzi wa zamu, alichukua damu.
Adhuhuri akarudi na karatasi:
vimeng'enya vya ini, juzi ishirini na mbili,
leo sabini na moja.

Nikauliza, amekata pasipostahili?
Akacheka. Akakaa ukingoni mwa kitanda.
"Ile hewa, mama Clorinda, ililibana ini,
damu ikalipitia kwa shida muda wote wa kazi,
na chuma kikaliinua kando
kama mtu anavyoinua pindo la pazia afagie.
Seli zimeshtuka, zimevuja kidogo.
Macho yako hayana manjano.
Homa huna. Mkojo wako ni mkojo.
Tutapima tena. Ngoja."

Ngoja.
Nikageukia ukuta, nikasema nawe, ini.

Unamlilia nani?
Huyu aliyetuamsha saa nane za usiku
akatukamua kama shuka mbichi, ncha huku na ncha huku?
Aliyeniharamishia jibini, mayai,
nyama ya arusi ya mwanangu mwenyewe,
nikala viazi vitupu na huku watu wanacheza?
Ameondoka. Ulipaswa kupiga vigelegele.

Wewe kimya. Sabini na moja.

Basi nikamkumbuka Segundo.
Nyongo mkalia ini, ndivyo aitwavyo mpenzi,
na aliyebuni jina hilo, nadhani, alikuwa ameoa.
Miaka thelathini na moja alinikata maini
kwa vijineno: chumvi imezidi,
mlango unalia, nani huyo kwenye simu.
Alipokufa, majirani walinishika mkono,
wakaninong'oneza, sasa utapumua.
Nikapumua.
Siku ya tatu nikaandaa sahani mbili.
Siku ya nne nikaufungua na kuufunga ule mlango
ili tu nisikie ukilia.
Hakuna aliyenitoa damu wiki ile.
Hakuna aliyeshuka nayo maabara
akarudi na karatasi, akakaa ukingoni,
akaniambia: ulibanwa muda mrefu,
uliinuliwa kando, umevuja kidogo, ngoja.

Samahani, ini. Lia.

Siku ya tatu: arobaini na nane.
Nimetolewa, nimo nyumbani, bega la kulia linauma
kwa mabaki ya hewa ile, kama mgeni asiyejua kuaga.
Nakula supu ya boga kwa kijiko cha mtoto.
Yasna alinieleza kwamba sasa huna ghala;
ulichokuwa ukimwekea yeye akihifadhi
utakidondosha wewe mwenyewe utumboni,
tone kwa tone, pawe na mlo, pasiwe na mlo.
Najua kazi hiyo.
Miaka tisa naifanya.

Siku ya saba: ishirini na nne.
Daktari akapiga muhuri bila hata kuketi.
"Limetulia. Ini lako ni lilelile."
Nikamwambia, lilikuwa ishirini na mbili.
"Ishirini na mbili, ishirini na nne, ni mamoja.
Hata ungepima asubuhi na jioni zingetofautiana."

Simbishii, kasomea.

Kichupa nimekiweka dirishani
kando ya kikombe chake cha kunyolea.
Mvua imepungua. Mafuta ya mlango nimenunua,
yapo mfukoni mwa koti,
bado sijayafungua.
Na zile mbili za ziada, ini, nimezihesabu.
Kaa nazo.