Njia ya Mwongo

Tairi la nyuma limeisha.
Halikuisha kwa heshima, pande zote pamoja,
limeisha katikati tu, ukanda wa upana wa kiganja,
kipara cha mtu anayechana nywele za kando
akidhani hatujaona.

Nikaisukuma pikipiki hadi kwa Rejean Thibodeau,
gereji ya matofali mekundu kando ya mfereji, Lewiston.
Mwezi wa nne. Theluji ya mwisho imelala kivulini,
nyeusi, kama mbwa asiye na mwenyewe.

"Lami kiasi gani, changarawe kiasi gani?"
Anauliza kama daktari anayeuliza habari za choo:
haoni haya, anataka hesabu.
Nikasema, nusu kwa nusu.

Nusu kwa nusu!
Mimi ninayekwenda kiwanda cha mikate saa nne usiku
na kurudi saa kumi na mbili asubuhi, unga masikioni,
siku sita, lami juu ya lami,
na siku ya saba nalala.
Barabara za wakata magogo, kule kaskazini,
nazijua kwa kidole, juu ya ramani iliyobandikwa jikoni.
Kwa magurudumu nimefika mara mbili.
Mara moja niligeuza.

Rejean hakunibishia.
Alipiga goti, akapitisha dole gumba juu ya kipara,
kisha akalisogeza ubavuni,
pale ambapo vinyweleo vya mpira, vya kiwandani,
vingali vimesimama
kama ndevu za kwanza za kijana wa madrasa.
Akanitazama. Akafuta dole.
Njia ya mwongo fupi, tuliambiwa;
yangu ilikuwa na urefu wa mzunguko mmoja,
rimu ya inchi kumi na saba,
ikaishia pale pale ilipoanzia.

Ukutani yalining'inia matatu.
La kwanza lina vifereji vyembamba, uso wa karani;
litakula maili elfu nane bila kunung'unika.
Watu wazima hununua hili.
La tatu ni la katikati, la vuguvugu,
sitalisema sana.
La pili, jamani, la pili!
Kashata zake ni kashata kweli,
utadhani zimekatwa kwa kisu sinia lingali moto,
na kati ya kipande na kipande
kidole changu kilizama chote.

Ubavuni wameandika mzigo, kasi,
hata wiki lilipozaliwa.
Nikampigia Mwanakheri. Akasema,
"Nunua la kukurudisha nyumbani."
Nikageuza tairi upande huu na huu:
hiyo hawakuiandika.

Nikaonyesha la pili.
"Litakwisha kabla ya theluji," Rejean akasema.
Najua.
"Mvua ikinyesha, kwenye lami, usikate kona kwa jeuri."
Najua.
"Litapiga kelele."
Najua, nikasema, na sikujua hata moja.
Dola mia na arobaini, na kazi ya kufunga.

Sasa mwezi wa sita.
Kila usiku navuka daraja nikivuma kama mzinga,
na mlinzi wa kiwanda hufungua geti kabla sijatokea.
Kashata za katikati zimeanza kupungua.
Jumapili saba zimepita:
mbili mvua, moja harusi,
nne usingizi.

Lile kuukuu Mwanakheri alikataa nilitupe.
Akalilaza nyuma ya nyumba, akalijaza udongo,
akapanda mchicha wa mbegu alizotumiwa ndani ya bahasha.
Umeota. Umeota vizuri, hadi unamwagikia kingo,
juu ya vile vinyweleo.

Kwa hiyo katika matairi yangu mawili
kipara ndicho kilichotangulia kuonja udongo.

Leo Jumamosi, jioni.
Naumwagilia mchicha, shingo juu,
nachungulia mawingu.