Karatasi za Keko

Karatasi kumi na nne, zimekunjwa mara nne,
ndani ya bahasha ya eksirei.
"Za baba," anasema Mwanahawa Pazi. "Alikuwa fundi Keko.
Nataka zichapwe upya. Mistari tu. Njano sitaki."

Njano. Basi nianze na hiyo.

Duka letu lina upana wa mlango, Mtaa wa Mkunguni,
feni inazunguka kama inayokumbushwa.
Naweka ya kwanza kwenye kioo cha skana,
naifunika mgongo kwa kitambaa cheusi
ili upande wa pili usipenye.
Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na bado unapenya.

Kiti. Miguu minne, mgongo wa fito,
vipimo kwa futi na inchi, kila saba imekatwa kiunoni.
Kwenye skrini si njano hasa: ni chai ya maziwa
iliyosahauliwa mezani ikaota utando.
Navuta mshale wa weupe kushoto, taratibu.
Utando unachanika.
Navuta wa weusi kulia
na mistari inashtuka kama watu walioamshwa,
na wasioitwa nao wanaamka:
vinyesi vya nzi, mkunjo, unyevu wa masika ya mwaka gani sijui,
duara la tako la kikombe,
kidole gumba chenye vanishi.

Nzi nawafuta mmoja mmoja.
Kwa mkupuo haiwezekani; kompyuta haijui
nukta ya nzi na nukta ya fundi.
Hii hapa, juu ya goti la kiti,
nimeifuta, nimeirudisha, nimeifuta,
ndipo nikaona ziko nne, kila mguu na yake:
msumari wa mti unaingilia hapo.
Ningempa Mwanahawa kiti cha kumwangusha mtu.

Karatasi ya tisa ni kitanda, na kitandani kuna maneno
yamelala chali, yanasomeka kinyumenyume.
Nageuza picha:
*Mama Chausiku, kabati, bado 40.*
*Mwalimu Ng'anzo, meza, bado 15. Ameahidi.*
*Msikiti, jeneza*, na hapo hakuna namba,
kuna mistari miwili tu, mmoja juu ya mwenzake.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Hapa daftari lilikuwepo, mgongoni mwa kitanda.

Kazi yangu ni kuwafuta wote hawa.
Nikivuta mshale Mama Chausiku anatoweka,
na ubao wa kichwani unatoweka naye;
wino ulikuwa ukimwishia fundi, au mkono ulichoka.
Nikirudisha, wanarudi wote wawili.
Deni na kitanda vimefifia sawasawa.

Nampigia. Yuko Tandika, nyuma yake spika za wauza viatu.
"Umesema kabati?"
"Kabati. Bado arobaini."
Spika peke yake, kwa muda.
Kisha kicheko kinachoanzia mbali:
"Mkwe wangu huyo! Kabati lipo,
kila Ijumaa nalifuta vumbi mimi.
Usimtoe. Mpunguze tu, asisomeke na wageni."

Namweka kwenye tabaka lake, asilimia kumi na mbili.
Kidole gumba sikumuuliza. Nimekiacha.

Saa tisa na robo umeme unakatika.
Feni inasahau. Sikuwa nimehifadhi.
Nafungua kifuniko cha skana kwa mwanga wa barabarani:
kitanda kipo, njano tupu,
na inzi mmoja, mzima huyu,
anatembea juu ya mto.