Birika Jekundu

Pijo hii niliinunua Kondoa, kwa mpima ardhi mstaafu,
kiti cha dereva kimeshonwa kwa kamba ya katani,
dashibodi ina matundu matatu ya taa
aliyonieleza kwa neno moja:
"Zizoee."

Nikazizoea.
Miezi mitano nabeba zabibu za Hombolo
kama mtu aliyepanga na mgeni wasiyejuana lugha.

Ya kwanza kuwaka ilikuwa na umbo la birika,
jekundu, tone linaning'inia mdomoni.
Nikasema: hili linaomba maji.
Nikasimama Ihumwa, nikanunua madumu mawili,
nikainywesha rejeta hadi ikatema.
Birika likaendelea kuwaka.
Nikaongeza.

Fundi Chilewa, pale Kizota, alicheka hadi akakalia tairi.
"Mama Sechelela, hilo si birika la chai,
ni kopo la oili. Likiwaka, zima papo hapo,
usiseme ngoja nifike pale kwenye kibanda.
Joto lina mshale wake, na mshale una adabu,
unapanda taratibu, unapiga hodi.
Oili haipigi hodi.
Inakuaga ikiwa imeshafika stendi."
Akachomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali,
akakizamisha, akakichomoa tena:
kikavu kama Kinyasungwe mwezi wa kumi.

Basi nikaanza shule uzeeni, jioni, soko likifungwa.
Kisanduku chenye kujumlisha na kutoa, hicho ni betri,
ila mgonjwa mara nyingi si betri, ni fenibelti.
Hilo sikufundishwa na mtu. Nilifundishwa na Chenene,
saa mbili usiku, mkanda vipande viwili mkononi,
na baridi ile ya mwezi wa saba inayokwenda moja kwa moja kwenye magoti.
Nililala juu ya kreti tupu.
Fisi mmoja alipita, akanisoma, akaniacha.

"Na hii ya tatu?" Chilewa aliuliza siku nyingine,
kidole kwenye duara lenye alama ya mshangao.
Nikajibu kwa fahari: "Hiyo ni mtoto mzuri.
Tangu niinunue haijanisumbua hata siku moja."

Safari hii hakucheka.
Akazungusha ufunguo hatua moja tu, injini haijaamka.
Birika, ndiyo. Kisanduku, ndiyo.
Akavuta handibreki hadi mwisho.
Duara, kimya.

"Hapa ndipo zinapoitwa majina," akasema.
"Isiyoitika hapa, mama, haitaitika mlimani."

Akafungua dashibodi kwa bisibisi.
Balbu haikuwepo. Kwenye tundu lake
palisokotwa kipande cha risiti,
duka la misumari, Kondoa, wino umepauka.
Kikopo cha maji ya breki kilibaki na unyevu tu.
Nami nikaukumbuka mteremko wa Kolo,
kilo mia sita mgongoni,
Sechelela amelala, kichwa kwenye paja langu,
miguu yake midogo imegusa gia.

Sikumlaani mpima ardhi.
Alichoka kutazamwa, basi.
Na mimi nina matundu niliyoyaziba kwa karatasi;
moja nililifungua wiki iliyofuata,
nikapanga foleni Makole, nikanyoosha mkono,
nesi akasukuma hewa, akaangalia namba,
akaangalia uso wangu, akaanza tena kupima.

Balbu ilikuwa shilingi mia tano.

Siku hizi alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajachoka,
nakaa uani Nkuhungu, ufunguo hatua moja.
Birika. Kisanduku. Duara.
Uso wangu unakuwa mwekundu kwenye kioo.
Kisha nawasha, naachia handibreki,
kisanduku kinazima, duara linazima,
birika linabaki nyuma kidogo,
kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka neno.
Nalisubiri.
Sikanyagi mafuta
hadi liseme au liondoke.