Kulikausha Tela

Kitabu chake kimechorwa theluji.
Kinasema: kabla ya baridi toa maji yote,
barafu hupasua bomba.
Chilewa alikisoma kwa sauti, akacheka,
akajipepea nacho.
Hapa Bahi hakuna kinachoganda
ila chumvi.

Ukiyaacha humo Juni hadi mvua za Desemba,
maji hujiendea zao kimyakimya,
chumvi hubaki na nyumba.
Mwaka juzi niliukata mpira wa sinki:
tundu lililosalia lingepitisha uzi, sindano hapana.

Basi leo, kabla lori halijauvuta mtambo kwenda Manyoni,
nimelala chali chini ya tela,
vumbi shingoni, spana namba kumi na saba.
Koki imenuna.
Naibembeleza. Naitukana kidogo kwa Kigogo,
inaelewa.

Tone.
Kisha mkojo wa mtoto.
Kisha maji.

Sikumwita mtu.
Lakini maji yakianguka Bahi yana mlio wake,
na kabla sijauvuta mguu wa pili kutoka chini ya ekseli
ndoo ya kwanza imefika, ya bluu, haina mkono,
nyuma yake Mama Nyemo na dumu,
nyuma yake kijana wa sufuria.
"Mnamwaga?"
Halikuwa swali.
"Si ya kunywa, tangi halijaoshwa tangu Aprili."
"Nani kasema kunywa?"

Visima kumi na kimoja tumechimba wilaya hii.
Vitatu vilitoa chumvi, kimoja upepo.
Hakuna aliyenikumbusha.
Foleni ilijipanga yenyewe,
na yule wa sufuria, vikombe viwili tu,
akaondoka kwa hatua za mtu
aliyebeba mtoto aliyelala.

Yaliyobaki yalitaka pumzi.
Chilewa akaleta pampu ya baiskeli,
tukaikaza kwa mpira wa tairi kwenye bomba la bafu,
akasukuma. Tela likakohoa,
likapiga chafya, likatema kutu kwenye beseni,
mwisho likapumua tu, kukavu,
harufu ya sarafu.

Siki nusu chupa, kulainisha magamba.
Kwenye kiwiko cha sinki kitabu kinataka dawa ya pinki
ambayo sijawahi kuiona dukani wala ndotoni.
Nikamimina alizeti, vijiko vitatu:
mafuta hukaa juu ya maji kidogo yaliyojificha pale,
yasipae,
na mende wasipate mlango.
Hilo halimo kitabuni.
Nimeliandika kwa penseli, pembeni mwa theluji.

Koki zote nimeziacha wazi.

Usiku, nikiwa ndani nafunga begi,
mtu aligonga tumbo la tela kwa kidole,
pale pale lilipo tangi,
kama debe linavyogongwa
kujua limebakiza kiasi gani.
Nikanyamaza.
Tela likajibu lenyewe.