Chokaa, Chumvi, Buluu

Hapa Newala, kiangazi,
maji yana bei kuliko chokaa.
Nilipiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
chokaa mfuko mmoja, elfu sita,
maji ndoo saba, elfu saba,
na hapo kalamu ikasita.

Elfu ishirini na mbili ndizo nilizorudi nazo,
na mtoto, na begi lililokufa zipu,
na talaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari,
ya mistari.
Mama akausukuma mlango wa chumba cha uani.
"Humu, kama utaweza."

Humo mlikuwa na miaka kumi na moja ya korosho.
Si zenyewe, zilishapita mnadani,
ila harufu yake, na weusi uliopanda ukutani
hadi usawa wa kiuno, doa kama ramani
ya wilaya nisiyoijua.
Stoo ya Mshamu, ndivyo walivyokiita.
Kaka yangu hajawahi kulala humo hata usiku mmoja.

Nikaanza kwa kutoa. Kutoa hakuna bei.
Gunia zilizooza, mizani isiyo na jiwe,
panya watatu na ukoo wao.
Kilipobaki kitupu, Somoe akasimama katikati
akapiga ukelele
asikie ukuta ukimjibu.

Fundi Nankoma alipita, akataka elfu arobaini.
Nikamwomba aniachie maneno tu.
Akacheka, akayaacha:
chumvi kikombe, chokaa ishike;
buluu ya kufulia, ncha ya kidole,
nyeupe ipite nyeupe;
na lowesha ukuta kwanza, dada,
ukuta mkavu hunywa
kama mlevi aliyelipwa leo.

Ndoo ya tatu nilimwogeshea Somoe ndani ya beseni,
kisha yale yale, na povu lake, nikayarusha ukutani.
Ukuta wangu umekunywa maji ya mwanangu.

Mkono wa kwanza ukatoka kijivu, kama uji wa mgonjwa.
Nikalia kidogo, brashi mkononi.
Hakuna aliyeniambia
kwamba chokaa mbichi huficha weupe wake.
Ilijifanya nyeupe usiku, peke yake, sisi tumelala.

Doa lakini lilirudi.
Mkono wa pili likarudi, wa tatu likarudi,
hafifu, lakini lile lile.
Nikasogeza kitanda mbele yake.
Yako mambo hayafutiki, yanawekewa kitanda.

Kanga nikaitundika dirishani,
maneno yake nikayageuzia ndani:
sitaki pazia liseme na majirani
kabla yangu.
Bi Asina alikuwa akitupa kioo cha kabati,
kimepasuka kona. Nikakisimamisha
mkabala wa dirisha,
chumba kikapata dirisha la pili
bila fundi, bila nondo,
bila kumwomba mtu.

Baada ya unga, kwa kuwa ukuta hauliwi,
ikabaki elfu moja na mia tatu.
Nikasimama dukani muda mrefu.
Ua la plastiki lilikuwepo, jekundu, la bei hiyo hiyo.
Nikanunua komeo.
Dogo, la ndani.

Mwezi wa kumi Mshamu akaja na pikipiki,
gunia za kwanza za msimu.
Akauendea mlango kama alivyouendea miaka yote,
kwa bega.
Haukufunguka.
Nikasikia gunia likishuka chini, taratibu.
Nikamsikia akipumua.
Halafu, kwa mara ya kwanza katika chumba kile:
"Hodi?"

Sikuwa na haraka.
Nilikuwa natazama mwanga, jinsi unavyotoka kiooni
ukapanda kitandani.
Somoe akanitangulia kujibu:
"Karibu, mjomba. Vua viatu."

Msimu ule gunia zililala barazani
chini ya turubai alilolinunua mwenyewe.
Alilalamika sana juu ya bei ya turubai.
Mimi sikumuuliza ni shilingi ngapi.